Kelele za Moto Nagasaki

Tangu nirudi sijapata kunywa uji wangu kwa amani. Akitoka huyu anaingia yule, kila mmoja anataka habari za Japani, na akiondoka hapa anazipeleka mnadani akiwa ameshazitia chumvi. Juzi nimesikia kwamba nilipigana na joka lenye macho ya taa. Mwingine anasema nimeoa kule. Jamani! Basi nimekaa chini niandike mwenyewe, mara moja, na anayetaka kujua asome, au asomewe. Mambo ya hati na ruhusa za kusafiri siyaandiki, yananichefua mpaka leo.

Kutoka Sepuka

Mnajua kwamba mimi Ntandu ni mpishi wa Bwana Premji, yule Mhindi wa duka la vitambaa pale Singida. Ana tumbo bovu yule mzee. Hali nyama, hali samaki, na chakula kisichopikwa na mkono wangu kinamlaza siku tatu. Kwa hiyo alipoamua kwenda Japani mwenyewe kuchagua vitambaa, alisema, "Ntandu, twende wote. Bila wewe mimi kufa hata Zanzibar sijafika."

Ningekataa. Mtu wa Sepuka ana shughuli gani na bahari? Lakini kaka yangu Mughwai alikuwa ametuacha miaka tisa nyuma, akaenda pwani, akapata kazi ya kutia makaa melini. Barua yake ya mwisho ilitoka mji unaoitwa Nagasaki. Alisema ni mzima na atarudi. Baada ya hapo, kimya. Na Bwana Premji aliniambia kwamba meli yetu ingesimama Nagasaki siku moja kuchukua makaa ya mawe.

Kaka aliacha mke, Hawa, binti wa watu wa Nduguti, aliyekaa naye mwaka mmoja tu. Miaka tisa yote Hawa alikaa nyumbani kwetu, si mjane, si mke. Wazee walikuwa wamechoka. Walikata shauri kwamba mavuno yanayokuja yakipita bila habari, Mughwai atahesabiwa amekufa, tutaweka matanga, na Hawa atarithiwa na mdogo wa mumewe. Mdogo wa mumewe ni mimi.

Niseme kweli, maana nisiposema mtasema nyinyi: nilikuwa namtaka Hawa. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu ya mdomo wangu huu. Hawa mdomo wangu haumtishi. Nikimrushia neno ananirudishia mawili, huku anapepeta mtama wake wala hanitazami.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kisimani. "Shemeji," akasema, "ukimkuta mzima niambie. Ukikuta amekufa niambie. Usije kunipimia maneno kama mgonjwa anayepimiwa dawa."

Nikasema sawa. Wakati huo niliona ni jambo jepesi.

Manyoni, siku mbili za kusubiri

Lori lilizama kwenye mchanga wa korongo kabla hatujafika nusu ya njia. Dereva akaingia chini ya gari akalala, akasema anatafakari. Wachunga ng'ombe wa Kigogo ndio waliotutoa, wakisukuma na kucheka, maana Bwana Premji alikataa kushuka juu ya sanduku lake. Tukafika Manyoni tukaona moshi wa treni unapotelea upande wa Dodoma.

Treni nyingine ilikuwa baada ya siku mbili. Dengu zetu zilikuwa zimelowa maji korongoni, kwa hiyo nilimpikia mzee ugali wa uwele na mlenda wa mama mmoja jirani ya stesheni. Aliuangalia ule mlenda unavyovutika. Akafumba macho, akameza. Kisha akasema, "Huu hauna haja ya kutafuna," akaongeza mara mbili, na tumbo lake likatulia kuliko siku zote nilizomjua. Yule mama alimwita "mwanangu" mpaka tunaondoka.

Majini

Bahari siisimulii sana. Niliitapikia kwa majuma mawili. Bwana Premji, mwenye tumbo bovu, hakutapika hata mara moja! Alikuja kusimama juu yangu na kunipa pole kwa sauti ya mtu anayefurahi.

Rafiki yangu kule melini alikuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia, Mwislamu wa Bombay mwenye ndevu nyekundu za hina. Kiswahili chake alikiokota bandarini Zanzibar, kwa hiyo nusu yake ni matusi, ila alikuwa hajui kwamba ni matusi. Asubuhi aliniamkia kwa neno ambalo siwezi kuliandika hapa, huku ameweka mkono kifuani kwa heshima. Nilimwacha hivyo hivyo siku nane kabla sijamwambia. Alinuna siku moja, kisha tukaendelea kusali pamoja, tukigombana kila baada ya sala ni upande gani hasa ulipo kibla, maana meli haitulii.

Tulipita miji mingi. Kila bandari nilimwuliza serahangi, "Ndiyo hii?" na kila mara akasema bado. Nilianza kuota kwamba kaka ameshakufa. Na niwaambie jambo baya: katika ndoto ile sikulia.

Nagasaki, mji wa ngazi

Nagasaki ni bandari iliyokaa katikati ya vilima, nyumba zimepanda mpaka juu, na kila njia ni ngazi za mawe. Meli haijatulia vizuri, wakaja wanawake wengi kwa mashua, wamejifunga vitambaa vichwani, wakasimama kwenye ngazi ubavuni mwa meli na kupokezana vikapu vya makaa, mkono kwa mkono, bila kusimama. Niliwatazama mpaka shingo ikauma.

Siku yetu moja iliongezeka. Walipofungua mashine ya meli wakakuta chuma fulani kimepasuka. Tukaambiwa siku kumi. Bwana Premji alishika kichwa. Mimi nilishukuru Mungu kimoyomoyo, kisha nikamfanyia uso wa huzuni ili tufanane.

Tulipanga vyumba kwa mjane mmoja, mama mfupi mpole, karibu na mtaa wa Wachina. Nyumba ni ya mbao na karatasi. Kweli, karatasi! Aliponionyesha mahali pa kupikia, alinyoosha kidole kwenye makaa, akanyoosha kwenye kuta, kisha akafanya kwa mikono yote miwili nyumba inavyopanda angani. Nikaelewa. Kila nilipowasha jiko alikuja kuchungulia.

Siku nne nilizunguka kumtafuta kaka. Lugha sina. Nilikuwa namsimamisha mtu, najishika uso, naonyesha ngozi yangu, nasema, "Kama mimi. Mughwai. Wapi?" Watu wa kule wana adabu, hakuna aliyenifukuza. Lakini mzee mmoja muuza masufuria alinitazama kwa huruma, akaingia ndani, akatoka na kioo. Akanishikia nijitazame. Mwingine alinipeleka kwa mshona nguo, sijui kwa nini. Wa tatu alinishika mkono kwa furaha, akanivusha mitaa sita akiwa anaongea, akanifikisha mbele ya Bwana Premji.

Njaa nayo. Mchina mmoja pale mtaani anauza bakuli kubwa la tambi na mchuzi mweupe, limejaa mboga, ngisi na vipande vya nyama. Harufu yake inakushika shati. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo nilinyoosha kidole kwenye nyama nikalia kama mbuzi. Akatikisa kichwa. Nikalia kama ng'ombe. Akatikisa kichwa, akakoroma kama nguruwe, vizuri sana, watu wote dukani wakavunjika mbavu. Nilikula mboga nilizochaguliwa kwenye sahani ya pembeni. Kuanzia siku hiyo, kila nikipita mlango wake ananilialia kama mbuzi, nami namjibu.

Siku ya sikukuu

Siku ya saba mji mzima ulifunga maduka. Mjane wetu alivaa nguo nzuri, akatuonyesha kwa mikono kwamba twende. Bwana Premji alikuwa amelala. Nilikuwa nimebandika dengu zake kwenye makaa madogo, nikasema nitazame kidogo tu kisha nirudi kuzikoroga.

Watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja chini ya nyumba yao ya ibada, na kwenye ngazi za mawe juu yake, kichwa kwa kichwa. Kila mtaa unaleta mchezo wake. Kwanza akaingia mwanaume mmoja amebeba peke yake mwavuli mkubwa kama kibanda, wenye mapambo juu, uzito wake wanaume wawili wa hapa wangeukataa. Akauzungusha. Kitambaa kikafunuka kikawa duara, na yeye ndani hatumwoni, miguu tu.

Kisha hilo joka mnalonisingizia. Ni la kitambaa, limebebwa juu ya fimbo na wanaume kama kumi, linakimbiza mpira wa dhahabu. Ngoma zilikuwa za Wachina, na tarumbeta ndefu zenye sauti kama ya ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Joka likajikunja, likapita chini ya tumbo lake lenyewe, likatafuta mpira huku mpira uko mgongoni mwake. Nilisahau dengu. Nakiri.

Likafuata jahazi la mbao lenye magurudumu, rangi nyekundu na buluu, limechongwa kama merikebu za Wazungu wa zamani. Wanaume wakalivuta kwa nguvu, wakalisimamisha ghafla, wakalizungusha pale pale, mara moja, mara mbili, magurudumu yakilia juu ya mawe. Sijaona watu wakifanya kazi ngumu namna ile kwa furaha. Kisha wakaanza kulitoa uwanjani.

Hapo ndipo watu wote, wazee, mama, kila mtu, wakapiga kelele kwa pamoja: "Moto! Koi! Moto! Koi!"

Nani asingeshtuka? Maelfu ya watu wanasema moto! Nikaziona dengu zangu, nikayaona makaa, nikaiona nyumba ya karatasi na Bwana Premji amelala ndani. Nikageuka nikaanza kupenya, nikiwakanyaga watu, nasukuma kwa viwiko, napiga kelele kuliko wao: "Moto! Moto wapi? Maji! Leteni maji!" Mjane wetu akanishika nguo, nikamponyoka. Nikaanguka ngazi tatu. Nikainuka nikiita maji.

Ndipo nikasikia kutoka upande wa jahazi sauti ya mtu anacheka, cheko refu ninalolijua tangu utoto, na sauti ile ikasema kwa Kinyaturu kwamba hakuna moto, mjinga wewe, simama.

Nikasimama. Mwanaume mweusi aliyevaa nguo za kule, taulo jeupe kichwani, kamba begani, alikuwa anakuja kati ya watu, nao wanampisha kama wanavyompisha mtu wa kwao. Amenenepa. Nywele zimeanza kuwa nyeupe karibu na masikio.

Mnadhani nilisema nini? Nilikuwa na maneno ya miaka tisa tumboni. Lakini ni mkubwa wangu. Nikasema, "Shikamoo kaka."

Alifungua mdomo ajibu, neno likakataa kutoka. Alijaribu tena. "Mara..." akasema, akafunika uso kwa lile taulo, akalia mbele ya watu wote. Marahaba yenyewe ilikuja baadaye sana. Nami nililia. Sioni aibu.

Tulikimbia pamoja kutazama dengu. Zilikuwa zimeungua kidogo chini. Bwana Premji alikuwa bado anakoroma.

Nyumbani kwa kaka

Nyumba yake iko juu, ngazi mia na zaidi. Njiani alinieleza kwamba "motekoi" maana yake "urudisheni". Watu wakipenda mchezo wanaita hivyo, na wachezaji wanarudi. Akanieleza pia kwamba zamani mji huu ndio ulikuwa mlango wa wageni: joka ni la Wachina, jahazi ni la Waholanzi, na ile keki ya njano aliyoninunulia, tamu na laini mpaka inanata kwenye karatasi, waliiacha Wareno. "Vitu vya wageni wamevifanya vyao," akasema. "Hata mimi."

Mkewe ni mwanamke mwembamba, mfuaji nguo. Kaka alikuwa ameshushwa melini na homa, wenzake wakaondoka, na mwanamke huyo ndiye aliyemlisha uji wa mchele kwa kijiko siku nyingi. Baba yake ni seremala, ndiye aliyetengeneza magurudumu ya jahazi. Wana binti wa miaka minne, mweusi kiasi, ana paji la uso la mama yetu kabisa. Alinikalia mapajani akazivuta ndevu zangu.

Tukala wali na samaki wa chumvi. Mtoto akaenda kwa mama yake. Kaka akaniuliza habari za mama, za ng'ombe, za mvua. Hawa hakumtaja.

Nikamtaja mimi. "Hawa anakusubiri."

Akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Kisha akasema, akitazama bakuli, "Waambie nimekufa."

"Nini?"

"Waambie ulikuta kaburi. Ni rahisi kwa kila mtu. Wataweka matanga, na Hawa atakuwa wako." Akaniangalia. "Usinifanyie uso huo. Ulikuwa unamtazama tangu siku ya harusi yangu."

Kama si mkubwa wangu ningempiga. Nilikasirika kwa sababu ni kweli. Nikamwambia, "Mama nimwambie nini? Anakuombea kila siku, na wewe uko hapa unakula samaki! Na Hawa, alie matanga ya mtu mnene kama wewe?"

"Nina aibu, Ntandu."

"Basi kaa na aibu yako, usinipe mimi niibebe. Mwandikie talaka. Mwanamke ajue yuko huru."

Alisema atafikiri. Nilishuka zile ngazi zote nikimlaani, na nilipofika chini nikagundua kwamba sijui kama nataka aandike au asiandike. Maana fikirini wenyewe. Akiandika, Hawa ni mtu huru na atarudi kwao. Asipoandika, nikisema amekufa, ni wangu kabla ya mtama kuvunwa. Siku tatu zilizobaki, kichwani mwangu nilishamwoa na kujenga jiko jipya.

Asubuhi ya kuondoka alikuja bandarini na karatasi. Aliisoma kwa sauti mbele ya serahangi na baharia mwingine Mwislamu: yeye Mughwai amempa Hawa talaka, hana dai lolote kwake, na anamwomba amsamehe. Wakatia dole gumba wote wawili kama mashahidi. Kaka alinikumbatia. Nikamwambia arudi hata mara moja mama amwone. Akasema "inshallah" kwa namna ambayo wote tunaijua.

Kurudi

Safari ya kurudi sikutapika. Nilikaa ubavuni mwa meli na ile karatasi ndani ya shati. Mara mbili niliitoa. Maji yako hapo chini, mengi, na hakuna mtu wa Singida anayenitazama.

Mara ya pili serahangi alikuja akasimama karibu nami. "Hiyo ina dole gumba langu," akasema. Akaenda zake. Nikairudisha shatini. Nisiwadanganye kwamba ni wema wangu. Kidogo ni dole gumba lake, na kidogo ni kwamba nilijaribu kujisikia nikimwambia Hawa "pole, amekufa," huku yeye amekaa ananitazama, na sauti haikutoka hata humo kichwani.

Sepuka

Nilifika mvua zimeshika, mtama umefika magotini. Mama nilimwambia kwanza. Alipiga vigelegele, kisha akakaa chini akalia, kisha akauliza, "Huko wanampa ugali?" Nikasema hapana. Akalia tena.

Hawa nilimsomea karatasi mbele ya wazee, yote, mpaka na ile ya kuomba msamaha. Alisikiliza amekunja mikono. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Mtoto anafanana na nani?"

"Na mama."

"Vizuri," akasema, akaingia ndani kufunga vitu vyake.

Baba mkubwa alinivuta pembeni. "Mjinga wewe," akaninong'oneza. "Ungesema amekufa tu. Nani angekwenda huko kuhakikisha?" Nilikuwa nimejiambia neno hilo hilo tangu Nagasaki, tena kwa lugha chafu zaidi.

Siku ya tatu kaka yake Hawa alikuja kumchukua, akakae eda kwao Nduguti. Nikamsindikiza mpaka kisimani, na huko tukasimama. Kaka yake, mtu mwenye akili, akatangulia mbele.

"Shemeji," Hawa akaanza. Kisha akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu nirudi. "Hapana. Wewe si shemeji yangu tena. Sasa nikuite nani?"

"Ntandu," nikasema.

Hakulitamka. Aliweka mzigo wake sawa kichwani, akanitazama sana kama mtu anayesoma maandishi madogo, akaenda.

Eda yake imeisha juma lililopita. Basi ndugu zangu, habari za Japani mmezipata zote, msije kunigongea tena. Hamtanikuta. Keshokutwa nakwenda Nduguti, nikasikie kama atalitamka.